Viwavi katika Bustani ya Tomati

Tomati hupendwa na wengi, wala si na watu tu. Mama huikata katika mchuzi wa maharagi au wa samaki. Mtoto huila mbichi akitoka shuleni. Mwenye kuuza huipanga mafungu mafungu sokoni, na rangi yake inawaita wapita njia bila yeye kufungua kinywa. Lakini kabla mtu hajaionja, mara nyingi yuko mwingine aliyeionja kwanza. Unachuma tomati nzuri, nyekundu, upande mmoja ni safi kabisa. Unaigeuza: kuna tundu jeusi, na ndani ya tundu mwenye nyumba amelala.

Huyo ni kiwavi. Inafaa kujua habari zake vizuri, maana watu wengi hupigana naye bila kumjua, nao hupoteza fedha, na pengine hupoteza afya pia.

Katika milima ya Kivu, karibu na Bukavu, watu hulima tomati katika mabonde wakati wa kiangazi. Toka mwezi wa sita hata katikati ya mwezi wa tisa mvua ni chache. Juu kilimani udongo umekauka, lakini chini bondeni unyevu upo bado, na maji ya kumwagilia hayako mbali. Tomati hupenda jua la wakati ule, kwa sababu mvua nyingi huleta ukungu na kuozesha majani.

Huko bondeni palikuwa na mama mmoja mjane, mwenye watoto watatu. Alikuwa amekodi kipande cha shamba, akapanda miche 80. Falanga za kukodi alizikopa, naye aliahidi kuzirudisha mwezi wa tisa. Mwezi huo ndio ule ambao watoto wanarudi shuleni na kutaka madaftari, kalamu na nguo. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2019 serikali ya Kongo imeondoa karo katika shule za msingi za umma, lakini daftari halianguki toka mbinguni. Basi miche ile 80 ilikuwa na kazi nyingi ya kufanya, nayo ilikuwa haijapita urefu wa kidole.

Binti yake mkubwa alikuwa amemaliza darasa la nne. Wakati wa likizo alishuka bondeni na mama yake kila asubuhi, kabla ya jua kuwa kali. Siku ya nne baada ya kupandikiza, walikuta miche saba imelala chini. Imekatwa karibu na udongo, kama kwa kisu, na majani yake hayakuliwa. Binti alikasirika sana.

« Mama, ni watoto wa ng'ambo! Nimewaona jana wakipita hapa. »

« Ngoja, mwanangu. Usimtaje mtu bado. »

Mama alipiga magoti penye mche wa kwanza, akachimbua udongo polepole kwa kidole kuzunguka shina, mahali palipo upana wa kiganja tu. Akatoa kidudu kinene, cha rangi ya udongo, kimejikunja kama pete. Penye mche wa pili akamkuta mwingine. Watoto wa ng'ambo hawakuwa na kosa lo lote.

Kiwavi wa namna hii hulala mchana chini ya udongo. Usiku hutoka, huuma shina changa mpaka linaanguka, akala kidogo, kisha akaenda kwenye mche mwingine. Hasara yake inazidi shibe yake. Ukimwacha leo, kesho atakata tena, kwa hiyo ni lazima umtafute asubuhi ile ile, karibu na mche ulioanguka. Mama na binti waliwapata watano. Baadaye walikata maganda makavu ya mgomba, wakaizungushia kila mche ganda kama ukosi wa shati: sehemu ya chini imeingia ndani ya udongo upana wa vidole viwili, sehemu ya juu imesimama upana wa vidole vitatu au vinne. Kiwavi akija usiku anagonga ukuta. Shina likiisha kuwa gumu, hatari hiyo imepita, na ukosi unaweza kuondolewa.

Pengine mama angaliweza kuepa hasara hiyo, kama shamba lingalisafishwa mapema. Wazazi wa viwavi hao hupenda kutaga penye magugu. Mtu akilima na kung'oa majani yote majuma mawili au matatu kabla ya kupanda, viwavi hukosa chakula. Mama huyu alipata shamba lake kwa kuchelewa, akalima leo na kupanda kesho.

Sasa, wazazi wa viwavi ni nani? Wako watu wanaosema kwamba kiwavi huzaliwa na mvua, au na uchafu, au kwamba tomati yenyewe humzaa ikianza kuoza. Si hivyo. Kiwavi ni mtoto wa kipepeo. Yule anayetoboa matunda ya tomati ni mtoto wa kipepeo cha usiku, ambacho huitwa nondo. Mabawa yake ni ya rangi ya majani makavu. Mchana hujificha, na usiku huruka, ndiyo maana mkulima hamwoni. Nondo jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1000, naye hayatagi pahali pamoja. Huweka moja hapa, moja pale, juu ya majani ya juu, karibu na maua. Yai ni jeupe kidogo, dogo kuliko kichwa cha pini: nusu ya milimetri tu.

Yai hupasuka baada ya siku tatu mpaka tano, au zaidi kidogo pahali penye baridi. Kiwavi anayetoka ni mwembamba kama uzi. Kwanza hukwaruza jani au ua. Kisha hukua, huvua ngozi yake mara kwa mara, nayo rangi yake hubadilika: mmoja ni kijani, mwingine kahawia, mwingine mwekundu kidogo, lakini wote wana mstari mweupe ubavuni. Akipata nguvu hutoboa tunda. Mara nyingi huingiza kichwa na nusu ya mwili, nusu nyingine inabaki nje, kama mtu anayekunywa toka mtungini. Tena hana subira ya kumaliza tunda moja. Anakula kidogo, anatoka, anatoboa jingine. Maji na ukungu vinaingia kwa tundu aliloacha, na tunda linaoza. Baada ya majuma mawili au matatu urefu wake ni kama sentimetri nne. Ndipo hushuka chini, hujizika katika udongo, na kulala ndani ya ganda la kahawia bila kula wala kutembea. Akitoka humo ni nondo mwenye mabawa, na mambo yanaanza tena.

Mtu akihesabu siku hizo ataona jambo kubwa. Kuna siku chache tu ambazo kiwavi yuko nje, mdogo, dhaifu, wazi mbele ya macho. Akiisha kuingia ndani ya tunda, hata dawa kali haimfikii, maana tunda lenyewe ni nyumba yake na ukuta wake. Kwa hiyo kazi yote ni kumtangulia.

Mama hakujua hesabu ya milimetri, lakini alijua kutangulia. Alimwonyesha binti ginsi ya kutazama. Usitazame tunda kwanza, tazama mavi. Kiwavi anajua kujificha, rangi yake ni ya jani, lakini kila anachokula kinatoka, na mavi yake huanguka juu ya majani ya chini, chembe nyeusi kama baruti. Ukiona chembe hizo, inua macho taratibu, ufuate shina kwenda juu: mwenyewe yuko hapo. Asubuhi mapema na jioni ndizo saa nzuri. Binti alibeba kopo lenye maji ya sabuni, akawatumbukiza mmoja mmoja. Siku ya kwanza aliona kinyaa, akatumia vijiti viwili. Siku ya tatu alitumia vidole.

Si viwavi wote wanaoishi peke yao. Nondo wa namna nyingine hutaga mayai mamia kwa pamoja chini ya jani moja, akayafunika kwa manyoya yake mwenyewe, na kundi lile huonekana kama kipande cha pamba chafu. Huyo ni rahisi kushinda, kama jicho liko: unachuma jani moja, na umeondoa jeshi zima. Ukichelewa siku tatu, nne, wametawanyika.

Mwingine ni mdogo sana, hata hapiti milimetri nane, lakini wakulima wengi humwogopa kuliko wote. Yeye huishi ndani ya jani lenyewe, kati ya ngozi ya juu na ngozi ya chini, akala nyama ya katikati. Jani huwa na mabaka meupe, kisha linakauka kama lililopita motoni. Huingia katika matunda pia. Wataalamu humwita Tuta absoluta. Kwao ni Amerika ya Kusini, na mwaka 1917 nondo wake toka Peru alipewa jina na kuelezwa katika vitabu. Tomati nayo asili yake ni huko huko, katika milima ya Amerika. Watu walichukua tomati wakaieneza dunia nzima, na adui yake alibaki nyumbani muda wa mamia ya miaka. Lakini mwaka 2006 alionekana Hispania, bila shaka ndani ya mizigo ya matunda. Mwaka 2014 alikuwa amefika Kenya na Tanzania, na mwaka 2015 Uganda. Kwake dawa ya kunyunyiza haifai sana, maana jani linamfunika. Inafaa kuchuma majani yenye mabaka, kuyatia katika mfuko uliofungwa vizuri, na kuuacha juani mpaka wadudu wafe ndani. Kuyatupa pembeni ya shamba ni kumhamisha tu.

Siku moja binti alipiga kelele. Chini ya jani alikuwa amekuta mnyama wa ajabu: mnene kuliko kidole gumba, urefu wake zaidi ya sentimetri kumi, na nyuma ana pembe. Wanawake wa mashamba ya karibu walikuja kutazama. Mmoja alisema kwamba pembe ile ina sumu, na mtu akichomwa hulala siku tatu. Mama alikata jani na kiwavi juu yake, akaligusa lile pembe mbele yao. Hakuna kitu. Pembe hiyo haichomi. Ni mtoto wa nondo mkubwa sana, ambaye mgongoni mwake kuna alama kama fuvu la kichwa cha mtu. Akishikwa hulia kama panya, naye huingia usiku katika mizinga ya nyuki kuiba asali. Kwa sababu ya fuvu hilo watu wa Ulaya zamani walimwogopa, wakamwita nondo wa mauti, na alama yake ni manyoya tu yenye rangi. Watoto wake hula majani ya tomati, ya viazi ulaya na ya tumbako. Kiwavi mmoja anaweza kumaliza majani ya mche katika siku chache, lakini mara nyingi huja mmoja tu, na ukubwa wake humfichua. Mama alimpeleka kwa kuku. Kuku wenyewe walimkimbia kwanza, mpaka jogoo mmoja alipojipa moyo.

Watoto wengine watauliza: kwa nini asipikwe? Katika Kongo viwavi ni chakula kizuri, huuzwa vikavu sokoni, na vina nguvu kama nyama. Ni kweli, lakini wale hutoka katika miti ya porini, na wazee wanajua kila aina pamoja na mti wake. Viwavi vya tomati si vya namna hiyo. Watu hawavili.

Mwezi wa nane matunda yalianza kunona, na ndipo viwavi walipozidi. Asubuhi moja mama na binti walihesabu matunda 11 yaliyotobolewa, kesho yake 16. Jioni ile jirani mmoja alipita na pompa yake mgongoni. Alikuwa mtu mwema. Alitoa chupa ndogo mfukoni.

« Mama, pole kwa kazi. Kwa nini kujitesa? Dawa hii ni kali. Unanyunyiza leo, kesho kutwa unauza. »

« Asante, baba. Karatasi yake iko wapi? »

« Karatasi ilitoka. Nilinunua hivyo hivyo sokoni. Lakini ninaijua, ni kali. »

Mama alishika chupa ile muda mrefu. Alifikiri juu ya deni. Juma la pili lake la soko lilikuwa karibu, na matunda 16 kwa siku ni kitunga kizima kwa muda mfupi. Wakati ule ule mtoto wake mdogo, wa miaka mitatu, alikuwa ameketi kati ya mistari, ameshika tomati kwa mikono miwili, juisi inatiririka kidevuni. Hakuwa ameiosha. Hakuna mtoto wa miaka mitatu anayeosha tomati.

« Baba, chupa hii haisemi ni siku ngapi za kungoja, » mama alisema. « Mimi nitamzuia huyu namna gani? » Akairudisha kwa mikono miwili, kwa heshima.

Maneno hayo juu ya siku za kungoja ndiyo kiini cha jambo. Kila dawa ya kuua wadudu ina hesabu yake. Karatasi iliyobandikwa chupani inasema kiasi cha dawa kwa kiasi cha maji, inasema mimea ambayo dawa inaifaa, inasema nguo za kuvaa, na inasema siku ngapi zipite kati ya kunyunyiza na kuchuma. Dawa moja hungoja siku tatu, nyingine majuma mawili au zaidi. Chupa isiyo na karatasi ni bubu. Mwenye kuinunua hajui alichonunua, na mwenye kula tomati hajui alichokula. Tena chupa hizo zikiisha hubaki njiani, watoto huziokota, na nyumba nyingine hutia mafuta ya mawese au maji ya kunywa ndani yake. Kuiosha mara tatu hakutoshi. Chupa ya sumu hutobolewa ili isitumike tena.

Watu wakubwa wenyewe walijifunza jambo hili kwa shida. Miaka ya 1940 na 1950 dawa iliyoitwa DDT ilisifiwa katika nchi zote. Paul Müller, mtu wa Uswisi aliyevumbua kwamba inaua wadudu, alipewa tuzo la Nobel mwaka 1948. Ilinyunyizwa mashambani, nyumbani, hata juu ya watu. Baadaye ilionekana kwamba haiozi upesi. Hukaa miaka katika udongo, huingia katika samaki na ndege, na katika maziwa ya mama. Mwaka 2001 nchi nyingi zilipatana katika mji wa Stockholm kuizuia mashambani. Imeruhusiwa tu kwa kupigana na wadudu waletao magonjwa, kama mbu wa malaria. Naye kiwavi wa tomati? Aina nyingi za nondo wake walikwisha kuizoea. Wale wanaopona dawa huzaa watoto wanaopona dawa, na mkulima huongeza kipimo bure.

Basi mama alitumia nini? Kwanza mikono, kama zamani, lakini mara mbili kwa siku. Pili, kila tunda lililotobolewa lilichumwa siku ile ile, hata likiwa bichi, maana kiwavi aliyemo atatoka na kwenda kwa jingine. Yaliyooza yalizikwa katika shimo refu. Yaliyo mazima nusu yalikatwa, upande mbaya kwa kuku, upande mzuri chunguni. Mwezi ule watu wa nyumba ile walikula tomati mpaka wakazichoka.

Tatu, alitumia mtupa. Watu wa Kivu wanaujua mti huu mdogo, wenye maua meupe au ya zambarau na maganda yenye manyoya. Wazee waliponda majani yake na kuyatia mtoni ili samaki walevuke na kuelea. Kile kinacholevya samaki kinaua wadudu pia. Mama aliponda kilo moja ya majani, akayalaza usiku kucha katika lita tano za maji, akachuja kwa kitambaa, akatia sabuni kidogo ili maji yashike majani, akanyunyiza jioni kwa ufagio mdogo wa majani. Jioni, kwa sababu jua huvunja nguvu yake upesi, na kwa sababu nyuki wamekwisha kurudi mzingani. Viwavi wadogo wengi walikufa. Wakubwa hawakujali sana. Iko mitupa mingine ambayo haina sumu hiyo kabisa, ingawa kwa macho haitofautiani sana na mingine, kwa hiyo mtu hujaribu kwanza kwa mche mmoja.

Ila mtu asidhani kwamba dawa ya majani ni maji ya kunywa. Mtupa ni sumu. Mama alifunga pua na kinywa kwa kitambaa, aliosha mikono kwa sabuni, alimkataza mtoto mdogo kuingia shambani siku kadha, wala hakuosha ndoo yake mtoni. Bondeni kuna mtu anayefuga samaki.

Pahali pa joto, kama Uvira na Kalemie, mwarobaini huota vizuri, na mbegu zake zilizopondwa hufanya kazi kama hiyo. Kiwavi anayeila huacha kula, hawezi kuvua ngozi yake, na hufa polepole. Iko pia dawa ya maduka iliyotengenezwa kwa bakteria mmoja. Mjapani aliiona kwanza mwaka 1901 katika viwavi vya hariri vilivyokuwa vikifa. Mjerumani, Ernst Berliner, aliipa jina baadaye. Huharibu tumbo la kiwavi, wala haidhuru mtu, kuku wala nyuki. Ni nzuri sana, lakini haipatikani kila soko.

Siku moja binti alikuta kiwavi amesimama bila kutembea, na juu yake kuna vitu vyeupe vidogo kama punje za mchele. Alitaka kumtia katika kopo. Mama alimshika mkono.

« Huyo mwache, mwanangu. Amekwisha kufa, ila hajui. »

Punje zile si mayai yake. Ni vifuko vya nyigu wadogo sana. Nyigu jike alimchoma kiwavi na kutaga ndani yake. Watoto wake walimla toka ndani, kisha walitoka nje na kujifunga vifuko vyao. Katika siku chache watakuwa nyigu kamili, nao watatafuta viwavi wengine. Ukimwua kiwavi huyo umeua askari wako. Na wale nyigu wakubwa weusi wanaojenga nyumba za matope chini ya paa, ambao watoto huwapiga kwa fimbo, nao ni wawindaji. Mtaalamu Mfaransa, Émile Roubaud, alifika Brazzaville mwaka 1906 pamoja na waganga waliochungua ugonjwa wa malale. Katika muda wake alitazama nyigu hao. Aliona kwamba wengine hujaza chumba cha matope kwa viwavi vilivyopooza, hufunga mlango na kwenda zao. Lakini mama wa aina moja hafanyi hivyo: hukaa na mtoto wake, humtafunia kiwavi kila siku, na kumlisha kinywani mpaka akue. Yule jirani mwenye pompa aliwaua hao pamoja na viwavi, bila kujua.

Ni lazima kusema kweli juu ya soko. Juma la kwanza jirani aliuza zaidi. Tomati zake zilikuwa safi, bila tundu hata moja, na wanunuzi walizichukua upesi. Hakuna aliyeuliza zilinyunyizwa lini, maana sumu haina rangi wala harufu juu ya tunda. Mama aliuza vitunga vinne, naye jirani saba. Waliozila walikaa Bukavu, na habari zao hazikurudi bondeni. Mama alirudi kimya. Binti alitembea nyuma yake na kitunga kitupu kichwani, naye hakuuliza neno.

Masoko yaliyofuata yalikuwa mazuri kidogo. Mpaka mwisho, kama sehemu moja ya tano ya matunda ya mama ilipotea kwa viwavi. Deni lililipwa lote. Madaftari yalinunuliwa, na kalamu; viatu vya binti havikununuliwa, vikangojea maharagi ya mvua.

Mwezi wa tisa, kabla mvua hazijaanza, waling'oa mashina yote ya tomati wakayachoma moto, maana ndani yake bado kulikuwa na mayai na viwavi wadogo. Kisha mama alilima shamba kwa jembe, chini sana, akigeuza udongo juu. Magamba ya kahawia yalitokea, yanang'aa, kila moja likiwa na nondo wa kesho ndani yake. Ukiyagusa, ncha yake inatikisika. Binti alihesabu 23, na kuku waliokuwa wamefungwa miguu walifunguliwa. Pahali pale mama alipanda vitunguu: si tomati tena, wala biringanya, wala viazi ulaya, ambavyo vyote ni ndugu wa tomati, wala mahindi, ambayo nondo yule yule huyapenda. Tomati za mwaka uliofuata alizipeleka upande wa pili wa mfereji, na safari hii alisafisha majani mapema.